Jando Lisilo na Kungwi: Makuzi ya Mwas katika Nairobi Half Life

Katika Nairobi Half Life (2012), filamu iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, Mwas ni barobaro wa kijijini anayeuza filamu za mapigano huku akiziigiza. Anaigiza uanaume kabla hajaujua. Nairobi inampokonya alichonacho na kumtia korokoroni. Huko anakutana na Oti, kiongozi wa genge, anayegeuka kuwa mlezi wake. Upweke huu hauishii mjini. Hata Sindo, ufukweni mwa Ziwa Victoria katika Homa Bay, mila ya Waluo ya kung'oa meno sita ya chini haimvushi tena kijana kutoka utotoni. Jaribio limebaki, wazee wa kulisimamia hawapo.

Yamkini itadaiwa kwamba Mwas amekomaa kwa kuwa hatimaye anafika jukwaani. Hoja hiyo haitoshi. Anafika huko baada ya kifo cha Oti, na makofi ya ukumbini hayalipi deni hilo. Kukomaa si kuokoka tu, bali ni kuwajibika kwa walioangamia njiani. Filamu inamwacha Mwas kizingitini mwa utu uzima, na hapo ndipo ukweli wake ulipo.