Kumtambua Mdudu Kabla ya Kumtia Dawa: Hifadhi ya Chakula Busia na Malaba

Mahindi, maharagwe na muhogo uliokaushwa, ambavyo kila uchao huvuka kutoka Uganda na kuingia Kenya kwa njia za Busia na Malaba, aghalabu havivuki peke yavyo. Kwani ndani ya punje iliyo nzima machoni pa mnunuzi huenda mna yai au funza aliyeingia tangu shambani, naye, upatapo mwezi mmoja na ushei, atatoka mdudu kamili katika ghala ya mtu aliyedhani amenunua chakula safi. Kwa hiyo msingi wa hifadhi ni maarifa ya kumjua adui kwa umbo na tabia, maana tadbiri imwangamizayo mmoja yaweza isimdhuru mwenziwe hata kidogo.

Chukua gorogoro moja ya mahindi, uyachekeche juu ya sinia, kisha uangalie kilichoanguka. Fukusi ni mdogo, wa rangi ya kahawia au nyeusi, ana mkonga mbele ya kichwa na, aghalabu, mabaka manne mekundu-mekundu mgongoni. Jike lake hutoboa punje, hutaga humo, kisha huziba tundu kwa ute, na ndiyo sababu punje iliyokwisha kuharibiwa huonekana salama. Amma dumuzi, hana mkonga; mwili wake ni wa mviringo mrefu, kichwa kimefichwa chini ya kifua, na mwisho wake wa nyuma kama uliokatwa wima. Dalili yake iliyo dhahiri zaidi ni unga mwingi, kuliko ule wa fukusi, unaojaa baina ya punje.

Huyu dumuzi ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, aliyedhihiri Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuonekana Taveta mwaka 1983. Na ijapokuwa mwaka 1992 Kenya ilimwachilia mdudu mwindaji kutoka asili hiyohiyo ili amle, mwindaji huyo, ambaye kazi yake kubwa i huko nje maporini, hakuiondolea kaya wajibu wa kulinda ghala yake. Dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kwa kuwa punje iliyoshikwa imara humpa pa kujikaza anapotoboa. Basi kuyapukuchua mapema ni nusu ya kinga. Hula pia muhogo mkavu, na hata hutoboa mbao za ghala, kwa hiyo shehena mpya isiwekwe karibu na mabaki ya zamani. Na sababu ya dawa ya unga iliyo mashuhuri kuchanganywa viini viwili, pirimifosi-methili na permethrini, ni kwamba cha kwanza humweza fukusi na cha pili humweza dumuzi.

Katika maharagwe hikima ya kutambua hudhihirika zaidi, kwa kuwa bungua wake wakuu ni wawili. Mmoja hutaga mayai yaliyo huru baina ya punje, na funza wake huhitaji takriban siku nzima kujitobolea njia. Basi chombo kisichojaa pomoni, kikibiringishwa asubuhi na jioni, humpotezea tundu alilolianza mpaka akafa kwa uchovu. Wa pili huyagandisha mayai yake juu ya ganda, yakaonekana kama vitone vyeupe, na funza huingia moja kwa moja chini ya yai. Kwake kubiringisha hakufai kitu.

Dawa iwafaayo wote ni kuwanyima hewa. Mfuko wenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la kufumwa nje, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Purdue kwa kazi iliyoanzia Kamerun mwaka 1987, ukifungwa barabara, wadudu humaliza oksijeni kwa pumzi zao wenyewe, huacha kula, kisha hufa. Lakini sharti nafaka iwe kavu, maana iliyo mbichi itaota ukungu humo. Na mwaka 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu itokanayo na ukungu, wafanyabiashara wa mpakani walionja gharama ya jambo hilo. Kiwango cha maji kisizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atikise punje na chumvi kavu katika chupa kavu, aiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, arudishe nafaka juani.

Vidonge vya fosfini visiingie nyumbani kabisa, kwani gesi yake huua watu waliolala kama iuavyo wadudu. Mwenye kuchekecha, kutambua, kukausha na kufunga hahitaji sumu hiyo; na elimu hii, iliyo rahisi kiasi cha kufundishwa kando ya gunia sokoni, yastahili kufundishwa na kila auzaye nafaka kwa kila anunuaye.