Kitabu Kilichokubali Kukosolewa

Katika vitabu vya ulezi wa mbwa nilivyopata kuvisoma, kimoja kimenisumbua kuliko vingine. Ni How to Be Your Dog's Best Friend, kilichotolewa mwaka 1978 na watawa wa New Skete, katika jimbo la New York, Marekani, waliojipatia sifa kwa kufuga mbwa aina ya German shepherd. Ni kitabu chenye huruma. Kinamtaka mwenye mbwa amjue mnyama wake na kuishi naye, asimfungie uani na kumsahau. Hapo sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu ni juu ya adhabu. Toleo la kwanza liliruhusu mbwa aliyekosa alazwe chali na kukandamizwa mpaka atambue nani mkubwa. Hoja hiyo ilitokana na mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambao ilidhaniwa wanatawaliwa na mbabe mmoja. Rudolf Schenkel alikuwa ameandika hivyo mwaka 1947, baada ya kuwachunguza mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. L. David Mech aliieneza dhana hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyo huyo, baada ya kuwatazama mbwa mwitu huru katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto. Mkubwa wao ni mzazi tu. Wageni waliofungiwa pamoja ndio hugombea ukubwa. Yeyote aliyewahi kusimamia bweni analijua hilo.

Mimi niliitumia adhabu ile kwa mtoto wa mbwa wa miezi minne aliyetafuna kiatu changu. Kosa lilikuwa langu, kwani sikujiuliza kwanza kwa nini anatafuna. Alitulia, nami nikadhani nimefaulu. Tangu siku hiyo alitafuna viatu nisipokuwepo, na kila nilipoingia alijikojolea. Kuhusu viatu hakuwa amejifunza lolote. Nikawakumbuka vijana niliowachapa, walionyamaza vizuri nikiwa mlangoni. Chuoni nako niliwaambia walimu watarajiwa kwamba darasa lililo kimya ndilo linalojifunza.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, hawakusema umvunje. Mtoto wa umri ule anabadilisha meno, hana budi kutafuna. Niliviweka viatu juu, nikampa kipande cha kamba nene, nikamsifu kila alipokishika. Viatu vilisalimika upesi. Woga ulichukua miezi mingi kumtoka.

Katika toleo la pili, la mwaka 2002, watawa wale walieleza kwamba hawaipendekezi tena adhabu hiyo. Wako watakaosema kitabu kinachojigeuka hakiaminiki. Mimi nakiamini zaidi kwa sababu hiyo, maana katika miaka yangu yote ya ukuu sikupata kusimama mbele ya wanafunzi nikasema nilikosea.

Hata hivyo, toleo la kwanza lingali katika makabati ya watu, na kiboko kilichokwisha kupigwa hakina toleo la pili. Basi msomaji, ukikipata kitabu hiki, tazama kwanza mwaka wa chapa.