Lafudhi ya Ziwa na Ndoa ya Jukwaani: Mzee Ojwang' katika Vitimbi

Mchezo wa televisheni wa Vitimbi, uliorushwa na Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) kwa miaka mingi, aghalabu umechukuliwa kuwa kichekesho kisichohitaji uhakiki. Makala haya yanadai kwamba mchezo huo unaibua suala zito la kiujumi: ni katika hali gani uigaji wa lafudhi ya kabila jingine hukoma kuwa dhihaka?

Mhusika mkuu, Mzee Ojwang', ni Mjaluo kwa jina na kwa matamshi. Vyote viwili humwelekeza mtazamaji Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai, mkewe mchezoni, aliigizwa na Mary Khavere. Wasanii hao hawakuwa mume na mke katika maisha yao halisi. Hata hivyo, watazamaji wengi waliamini kuwa ndivyo, kama walivyoamini kwamba Wanjau alikuwa Mjaluo wa kuzaliwa.

Lafudhi yenyewe ni chombo chepesi cha kuchekeshea. Lugha ya Dholuo haina sauti "sh" wala "z". Hivyo katika uigaji "shamba" huwa "samba", na "ziwa" lenyewe hugeuka "siwa". Henri Bergson, katika insha yake ya mwaka 1900 kuhusu kicheko, alishikilia kwamba binadamu huchekesha anapojirudia kama mashine, na kwamba anayecheka hana budi kuutia moyo wake ganzi kwa muda. Kwa kipimo hicho, lafudhi inayorudiwa kila kipindi humfanya mhusika kuwa bapa: sauti husikika, mtu akasahaulika.

Hatari hiyo ina historia yake. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali mjini Kisumu, watu walipigwa risasi na kuuawa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mji huo ulikumbwa tena na ghasia na vifo. Katika mazingira ya uhasama wa kisiasa kati ya jamii hizi mbili, Mkikuyu kuuvaa ulimi wa Mjaluo mbele ya taifa zima kungeweza kuwa tusi.

Kilichoizuia dhihaka hiyo ni ndoa. Mgogoro wa Ojwang' na Mama Kayai ni wa unyumba: mume anadai heshima, mke ana jibu lake. Ojwang' anapoudhika, hadhira humwona mume aliyeudhika kabla ya kumsikia Mjaluo. Hapa ndipo nadharia ya Bergson inapopwaya, kwani mtazamaji aliyecheka ndiye huyo huyo aliyewahesabu wawili hao kuwa jamaa zake. Mila ya utani inalieleza jambo hili vizuri zaidi: watani wana ruhusa ya kutaniana kwa kuwa wana wajibu wa kuzikana. Kicheko kimefungwa katika uhusiano.

Hata hivyo, mchezo una upungufu. Ulimi wa ziwa umeazimwa, lakini ziwa halikuletwa pamoja nao. Wavuvi, wachuuzi wa samaki na familia za Kisumu zenye mizozo yao hubaki nyuma ya jina la Ojwang', na mwambao mzima huwakilishwa na matamshi ya mzee mmoja. Wachekeshaji wanaochukua lafudhi na kuiacha ndoa huuzidisha upungufu huo. Nao mwanafunzi wa Kisumu anayechekwa darasani kwa "samba" ndiye anayelipa gharama.

Mhakiki basi anaweza kutumia kipimo hiki: aiondoe lafudhi, kisha atazame kinachosalia. Kwa waigaji wengi hakisalii kitu. Kwa Ojwang' husalia mume mzee anayetafuta heshima nyumbani kwake, na mke ambaye hajakubali kumpa bila hoja.