Tikiti ya Ngomeni Haihesabu Mji wa Kale

Lango la Fort Jesus ni moja, na ndiyo maana takwimu zake zinaaminika kuliko nyingi zinazotajwa katika utalii wa Mombasa. Wareno walioijenga kati ya 1593 na 1596 walitaka mlango mwembamba wa kuzuia watu. Ngome ilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, ikawa imepata pa kuhesabia bila gharama.

Anayehesabu ni tikiti. Mgeni hulipa kwa daraja lake: raia, mkaazi, wa kutoka nje, mtu mzima au mtoto. Malipo, ambayo serikali iliyaelekeza kwenye mfumo wa mtandaoni wa eCitizen mwaka 2023, huacha kumbukumbu ya siku na saa. Hatimaye jumla ya mwaka huchapishwa na Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, katika ripoti yake ya uchumi, ambamo Fort Jesus ina mstari wake pamoja na Gede, Jumba la Mtwana na Lamu. Nguvu ya hesabu hii ni pesa: mlipaji anadai risiti, mpokeaji anakaguliwa. Linganisha na kivuko cha Likoni. Kule waendao kwa miguu hawalipi, na ile laki tatu kwa siku inayotajwa kila mara haina risiti nyuma yake.

Ila tikiti inahesabu kinacholipiwa tu. Aliyeingia leo na kesho ni watu wawili. Aliyepiga picha ukuta kwa nje, akashika barabara ya Ndia Kuu katika Mji wa Kale kutazama milango ya nakshi, kisha akanunua kikoi, hayumo. Hata hivyo namba ya ngome ndiyo inayotumiwa kuzungumzia biashara ya mtaa mzima, na hapo ndipo ninapopinga. Mji wa Kale, eneo la hifadhi tangu 1990, hauna lango. Unaingilika kwa Makadara, kwa Kibokoni, na kwa vichochoro ambavyo mgeni hata havioni.

Basi tuhesabu kwa kitu gani? Wauza mitambo watakuja na miale ya infraredi: kifaa ukutani, mwale unavuka njia, kila unapokatika anaongezeka mtu. Kwenye njia ya msituni inafaa. Ndia Kuu, wawili wanaotembea bega kwa bega ni mmoja, mkokoteni wa maji ni mtu, na mama anayetoka kununua mahamri kisha akarudi ni wageni wawili. Ijumaa adhuhuri kifaa hicho kitatangaza mafuriko ya watalii, kumbe ni watu wanaelekea msikitini.

Kuhesabu simu kwa Wi-Fi, kwa kunasa anwani ambayo kila simu huitoa, kulivuma kwa muda. Lakini iPhone zilianza kuficha anwani zao halisi zinapotafuta mtandao mwaka 2014, na Android zikafuata, hivyo simu moja huonekana nyingi. Wenye tovuti wanaujua ugonjwa huu: kurasa zilizofunguliwa si idadi ya waliofika. Kamera zinaona vizuri zaidi, lakini zinaona pia nani ameingia nyumba ya nani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina la kusema juu ya hilo, na wazee wa mtaa watalisema kabla ya sheria.

Tena mashine haijui mgeni ni nani. Kwa kanuni za kimataifa za takwimu, mgeni ni aliyetoka nje ya mazingira yake ya kawaida. Akilala ndipo anaitwa mtalii. Abiria wa meli ya kitalii iliyotia nanga Kilindini asubuhi, akarudi kulala melini, ni mgeni wa siku. Mtu wa Nyali aliyekuja kula viazi karai si mgeni kabisa.

Mimi ningechagua kijana mwenye kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba, na mwenzake mwenye karatasi ya maswali matatu: umetoka wapi, unalala wapi, umeingia ngomeni? Wakae kwenye njia kuu za kuingilia, kwa siku zilizochaguliwa makusudi: siku ya meli, siku isiyo na meli, Jumamosi ya Desemba watu wa bara wanapojaa, na jioni ya Ramadhani. Jozi chache za vijana zinatosha, na jicho la mwenyeji linamtambua mkaazi haraka kuliko mtambo wowote.

Kisha hesabu ya kila siku iwekwe kando ya tikiti zilizouzwa ngomeni siku ile ile. Ikiwa kwa kila tikiti mia kuna wageni kadhaa waliopita nje tu, uwiano huo, kwa kila aina ya siku, unaifanya tikiti iseme jambo juu ya mtaa pia, mwaka mzima, bila kufunga kitu ukutani kwa mtu. Bei ya kiingilio ikipanda, vijana warudi njiani wahesabu upya, maana baadhi ya waliokuwa wakiingia watabaki nje na simu zao wakipiga picha ukuta.