Yatima na Walezi Wao katika I Swear by Apollo

Riwaya inayoendeleza riwaya nyingine huwa na madeni mawili: deni kwa msomaji aliyekwisha kuwazoea wahusika wa awali, na deni kwa wahusika wapya wanaodai maisha yao wenyewe. Tatizo hili hujitokeza wazi katika I Swear by Apollo (2002) ya Margaret Ogola, inayoendeleza The River and the Source (1994). Riwaya ya kwanza, iliyosomwa na vijana wengi wa shule za sekondari nchini Kenya, yaanzia Yimbo, nchi ya ufuko wa Ziwa Viktoria ulipo mji wa wavuvi wa Usenge. Huko ndiko anakozaliwa Akoko, binti wa chifu Odero Gogni.

Riwaya ya pili yasimama juu ya msiba. Becky, kitukuu wa Akoko, amekwisha kufa kwa UKIMWI, na watoto wake, Alicia na Johnny, wanalelewa na mjomba wao Aoro na mkewe Wandia, wote wawili madaktari. Hata hivyo, si sahihi kuiweka kazi hii katika kundi la riwaya za distopia, yaani zile zinazosawiri jamii ya kubuniwa ambayo utaratibu wake wenyewe ndio uovu. Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila inastahili zaidi jina hilo. Kwa Ogola, balaa huingia kutoka nje. Utaratibu, yaani ukoo, ndoa na kiapo cha waganga kilichoipa riwaya jina lake, ndio ngome.

Udhaifu wa riwaya umo katika ngome hiyo hiyo. Akoko naye alikuwa mlezi wa yatima. Ili kumtetea mjukuu wake aliyenyang'anywa kiti cha uchifu na Otieno Kembo, aliuhama mji wa marehemu mumewe akaenda Kisumu kuishtakia serikali ya kikoloni. Wema wake ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ndiyo iliyomfanya mhusika kamili. Aoro na Wandia wana elimu, kazi na nyumba. Wema wao hauwapotezei mengi. Kwa hiyo uzito wote wa mgogoro huwaangukia Alicia na Johnny, ambao majeraha yao ya ndani ndiyo yanayoipa riwaya uhai.

Haiwezekani kudai kwamba Ogola, aliyefariki mwaka 2011, hakuijua hali halisi. Alikuwa daktari wa watoto, na aliongoza huduma za tiba katika makao ya Cottolengo ya yatima wa UKIMWI jijini Nairobi. Lakini Siaya, ilipo Usenge, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizoathiriwa mno na ugonjwa huo, na huko yatima wengi waliachiwa bibi asiye na mshahara. Bibi huyo yumo katika riwaya ya kwanza. Katika ya pili, nafasi yake imechukuliwa na madaktari.