Saa Moja kwa Jukwaa Zima

Måns Zelmerlöw wa Uswidi aliposhinda shindano la nyimbo la Eurovision mjini Vienna mwaka 2015 kwa wimbo "Heroes", alicheza jukwaani na kikatuni kilichochorwa kwa mwanga. Kikatuni hakikumwona. Ilikuwa video iliyokwisha kutengenezwa, na mwimbaji ndiye aliyelazimika kufika mahali pake kwa wakati wake. Kamera nayo ilibidi iwe mbele, kwa sababu ukiitazama hila ile kutoka pembeni, mtu na mchoro vinaachana.

Msingi wa kazi kama hiyo uliwekwa mwaka 1999, okestra ilipoondolewa kwenye shindano. Tangu hapo kila wimbo, usiozidi dakika tatu, hupigiwa muziki uliorekodiwa. Rekodi haiendi mbio leo na polepole kesho. Hivyo sambamba nayo hutiririshwa msimbo wa muda: saa, dakika, sekunde na fremu. Runinga ya Ulaya ikihesabu fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Mtambo wa taa na kompyuta za skrini huusikiliza msimbo huohuo.

Kilichobaki ni kamera, na hapo ndipo programu ya CuePilot kutoka Denmark ilipoleta mageuzi. Mwongozaji huutandaza wimbo kwenye kompyuta, akaugawa kwa mapigo, kisha akaamua kila picha: kamera ipi, ukaribu gani, ikatwe lini. Wakati wa onyesho programu yenyewe huiamuru swichi ibadilishe picha. Mpiga picha huona kwenye skrini yake picha inayofuata na sekunde zinazohesabika kurudi nyuma. Zamani alipekua karatasi huku sauti ikimtajia namba za picha kwenye vipokea sauti.

Lakini kwangu faida kubwa haiko usiku wa onyesho. Iko kwenye mazoezi. Kwanza wasanii mbadala husimama mahali pa waimbaji ili picha zijaribiwe. Kisha mwimbaji hufika, hufanya mazoezi, na ujumbe wa nchi yake huketi kutazama rekodi na kuomba marekebisho. Liverpool mwaka 2023 zilishiriki nchi 37. Fikiria maombi yote hayo yakiandikwa upya kwenye karatasi za kila kamera. Picha ikibadilishwa kwenye faili, wote wanafanya kazi na mpango mmoja.

Mpango huo hauna macho. Oslo mwaka 2010 mtu alivamia jukwaa huku Daniel Diges wa Uhispania akiimba, na Uhispania ikaruhusiwa kurudia. Lisbon mwaka 2018 mvamizi alimpokonya SuRie wa Uingereza kipaza sauti. Akapewa nafasi ya kurudia, akaikataa. Dakika kama hizo zinahitaji mwongozaji aliye tayari kuuacha mpango na kuchagua picha mwenyewe.

Hatari nyingine ni ya kisanii, nayo inanisumbua zaidi. Kwa kuwa kukata picha kumekuwa rahisi, waongozaji hukata mno, mpaka uso wa mwimbaji hauonekani kwa muda wa kutosha kumwamini. Kyiv mwaka 2017 Salvador Sobral wa Ureno aliimba kwenye jukwaa dogo katikati ya watazamaji, bila wachezaji, bila moto, na akashinda. Programu ingeweza kumjazia picha chungu nzima. Wimbo wake haukuzihitaji, na kulijua hilo mapema ni kazi ya mwongozaji.