Pongezi kwa Wanaotambua Viwavi kwa Picha

Tongaren, katika Kaunti ya Bungoma, ni nchi ya mahindi, na mkulima akikuta majani yametobolewa hana muda wa kupoteza. Hupiga picha kwa simu na kumtumia afisa wa ugani. Jibu sahihi likifika mapema, mavuno yana matumaini. Wataalamu hawa wanastahili pongezi zetu za dhati.

Kazi yao ilipata uzito mpya mwaka 2017, kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika alipoingia Kenya, mwaka mmoja baada ya kuthibitishwa Afrika Magharibi. Ilikuwa rahisi kumdhania bungua, au kiwavijeshi wetu wa tangu zamani anayesafiri kwa makundi. Jicho lililofunzwa halibahatishi: hutafuta kichwani alama ya herufi Y iliyopinduliwa, kisha karibu na mkia madoa manne meusi yaliyojipanga mraba. Katika moyo wa mmea hutazama kinyesi kinachofanana na unga wa mbao.

Tofauti hizo ni pesa na chakula. Bungua akishazama ndani ya bua, dawa ya kunyunyizia haimfikii. Mayai ya kiwavijeshi vamizi, yaliyofunikwa kwa manyoya mepesi, yakigunduliwa mapema husagwa kwa vidole bila gharama. Ndiyo maana mtaalamu mwadilifu, picha ikiwa na ukungu, huomba nyingine kabla ya kutaja dawa.

Kaunti ya Bungoma iwaongeze maafisa hawa na iwape usafiri wa kufika mashambani. Nanyi mnaotulindia mahindi, asanteni sana.